Shikamoo ya Injini

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu. Nililisikia, nikalitii, nikaenda kubadili nguo, kisha nikarudi kuvunjika guu mbele ya mji mzima.

Tulipoachana wiki jana, msomaji wangu, injini ya nyumba ya pampu ilikuwa imetoka kupiga ukelele kama mbuzi aliyekanyagwa, ikatikisika yote, ikanyamaza. Ilikuwa imejaa mafuta yangu ya nyonyo. Yale yale niliyoapa, mbele ya Meneja wa maji na watu na ndoo zao, kwamba yatailainisha mchana kutwa bila kudondosha tone la sumu kisimani. Haikufika hata adhuhuri.

Na mimi, badala ya kumtazama Meneja, nilikuwa natazama jagi.

Jagi la bati, la buluu, mpini wake umefungwa waya. Lilikuwa limejificha nyuma ya mlango wa nyumba ya pampu, na ndani yake kitu cheusi kilikuwa bado kinateleza taratibu kuelekea chini.

Jagi la baba yangu.

"Binti Kikaango!" mtu akapaza sauti kutoka kwenye foleni. "Injini imeiva? Tulete chumvi?"

Watu wakaangua kicheko. Jina hilo nilipewa siku mji uliposikia kwamba nataka kulainisha chuma kwa mafuta ya mbegu.

"Igeuze upande wa pili isiungue!" akadakia mwingine.

Meneja hakucheka. Aligusa ubavu wa injini kwa kidole, akakirudisha upesi, akakipuliza.

"Ulisema mafuta yako hayaogopi moto."

"Hayaogopi."

"Basi ni nani aliyeogopa hapa?"

Nikamtafuta Baba kwa macho. Baba alikuwa amesimama kando ya pipa la dizeli, kofia mkononi, anatazama viatu vyake. Baba yangu si mtu wa kutazama viatu. Baba yangu ni Fundi Mkuu. Gari likikohoa barabarani, yeye hutaja ugonjwa wake kabla halijaegeshwa.

"Naomba niongee na baba yangu kidogo," nilimwambia Meneja.

"Ongea. Lakini ukirudi, uje na neno la kuwaambia hawa. Tangi la juu lina maji ya leo, na kesho tukibanabana. Baada ya hapo ni ndoo kavu. Na ukirudi mikono mitupu, mafuta yako hayatakanyaga tena humu ndani nikiwa hai. Narudisha oili ya dukani."

Oili ya dukani! Kama ndiyo kwanza unajiunga nasi, ujue kwamba injini ile imezeeka na inavuja, nayo imekaa juu kabisa ya kisima. Kinachovuja kinaingia majini. Tumekunywa maji yenye utando wa rangi rangi juu yake, mzuri kama ushanga, tangu sijazaliwa. Shangazi yangu husema chai ya mji huu haihitaji tangawizi kwa sababu tayari ina gereji. Mafuta ya nyonyo yakidondoka majini au ardhini, vijidudu huyala mpaka yakaisha. Oili itokanayo na mafuta ya ardhini huganda hapo ikawasubiri wajukuu. Hilo ndilo ninalolipigania tangu hadithi hii ianze, na hilo ndilo lililokuwa likifia mikononi mwangu.

Nikalichukua jagi. Nikamshika Baba mkono, nikampeleka nyuma ya nyumba ya pampu.

"Baba, hili jagi linafanya nini huku?"

"Jagi ni langu. Lina ruhusa ya kutembea."

"Baba."

Akavaa kofia. Akaivua tena.

"Nimetia kidogo tu."

"Kidogo cha nini?"

"Cha shikamoo."

Nikachungulia ndani ya jagi.

Hapa inabidi tupitie karakanani kwetu mara moja, msomaji. Karakana ile iliachwa na babu, na babu aliiachia desturi yake. Injini ikishafunguliwa na kuoshwa, kama tulivyoiosha hii ya pampu, haitiwi oili mpya ikiwa kavu. Kwanza Fundi Mkuu huchota oili chafu kwenye debe la mlangoni, ile nyeusi iliyomwagwa kutoka injini nyingine, akaimimina ndani. Hiyo ndiyo shikamoo ya injini. Mpya aingie kwa adabu, amkute mkubwa ameketi. Injini ndogo huamkiwa kwa kikombe, injini kubwa kwa jagi. Humimina mkubwa peke yake, na hakuna anayeuliza, kwa sababu oili juu ya oili haijawahi kumlaza mtu na njaa.

Lakini nyonyo si oili. Nyonyo na oili ya ardhini ni wake wenza wasiosalimiana. Watie nyumba moja, uwashe moto, tena huyo mmoja awe amekuja na uchafu wake wote, uone. Wanageuka uji mzito. Uji unaziba chujio, chujio likiziba mafuta hayapiti, na chuma kinaanza kusaga chuma kikiwa kikavu. Nililijua hilo. Nililiandika kwa chaki kwenye ukuta wa karakana, herufi kubwa kama madirisha: USICHANGANYE.

"Uliyasoma yale maandishi," nikamwambia. "Ulisimama mbele yake unakunywa chai."

"Niliyasoma. Kwani nimechanganya nini? Kuchanganya ni nusu kwa nusu. Shikamoo si kuchanganya, mwanangu. Ni kuamkia tu."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Mtu akikudanganya unapata mahali pa kushika. Baba hakunipa hata hapo.

"Asubuhi ulinifukuza."

"Nilikutuma ukabadili nguo. Ovaroli lako lilikuwa linatisha, na wageni wanakuja."

"Ulisema kumimina ni kazi ya mkubwa, mimi nikajipambe. Nikakutii, Baba. Nimekuja nimevaa gauni kwenye nyumba ya pampu kama bibi harusi aliyepotea njia. Ulitaka niondoke."

Akaikunja kofia mara mbili, kana kwamba anataka iingie kwenye kiganja ipotee.

"Nilitaka ikukubali, mama," akasema, na sauti yake haikuwa ya Fundi Mkuu. "Injini hii aliifunga babu yako kwa mikono yake. Nikasema, mwanangu anakuja na mafuta ya nywele. Ikimkataa je, mbele ya watu wote hawa? Nikasema ngoja niiamkie kwa niaba yake."

Mafuta ya nywele.

Niliyakamua mwenyewe. Niliyachemsha mpaka maji yakatoka yote, nikayachuja, nikayajaribu, nikimimina mwenyewe, kwenye injini ya kinu cha kusagia na Baba akiwa amesimama pembeni, anatikisa kichwa na kusema, "Hapo sawa, hapo sawa." Kumbe moyoni alikuwa anayaita mafuta ya nywele, na hapo sawa zake zilikuwa za kumbembeleza mtoto.

Uso ukaniwaka. Nilimwonea aibu yeye, halafu nikajionea aibu kwa kumwonea aibu. Mtu aliyenifundisha kushika spana alikuwa amesimama mbele yangu kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani.

"Nimesikia yote," ikasema sauti nyuma yetu. "Na ukuta umesikia. Sasa tunyamaze wote watatu pamoja na ukuta."

Shangazi. Dada yake Baba, ndoo kwapani, macho makali. Huyu ni mwanamke anayeweza kukutukana na kukufunga kamba za viatu kwa wakati mmoja.

"Sikiliza, mtoto," akanisogelea. "Rudi mbele ya watu ukaseme mafuta yalikuwa na kasoro. Basi. Watacheka, watachoka, watakwenda nyumbani. Wewe kijana, ukianguka unapangusa magoti. Kaka yangu akianguka leo atainukia wapi? Kila injini ya mji huu imepita mikononi mwake. Wakijua alimimina taka humo, kila mwenye gari atarudi nyumbani akijiuliza na yeye kamiminiwa nini."

"Wamemiminiwa, Shangazi. Wote."

"Ndiyo maana nakwambia nyamaza!"

Nikamgeukia Baba. Nilimngoja. Nilitaka aseme neno moja tu. Aseme hapana, dada, mtoto asibebe mzigo wangu. Hata angesema nusu yake ningeridhika, ningeubeba mzigo mwenyewe na kuimba juu yake.

Baba akakohoa.

"Shangazi yako anaongea kiutu uzima," akasema.

Nilizunguka nyumba ya pampu na jagi limefichwa kwenye mkunjo wa gauni, na nakwambia ukweli, nilikwenda nikiwa nimekubali. Maneno nilikuwa nimeshayapanga. Mafuta yangu yalikuwa na kasoro, naomba mnisamehe. Ni sentensi fupi, inameng'enyeka upesi.

Watu wakanigeukia. Meneja alikuwa ameshaagiza pipa la oili ya dukani. Lilikuwa linabiringishwa kuelekea mlangoni, likiacha mstari mweusi kwenye vumbi.

"Haya, binti?" Meneja akaniuliza, na mara hii aliniuliza kwa upole, jambo lililonichoma zaidi.

"Mafuta yangu..." nikaanza.

"Usijisumbue," akanikatiza, akinipapasa bega. "Umejaribu. Kujaribu si dhambi. Tutarudi kwenye oili yetu, na hata hivyo watu wameshazoea ladha."

Wameshazoea ladha!

Na watu wakacheka. Msomaji, walicheka! Watu wanaowapa watoto wao maji yale, wanaopangusa utando kwa kiganja kabla ya kujaza ndoo, walicheka kama waliosifiwa.

Sentensi yangu fupi ikanipotea, na hadi leo sijui ilikwenda wapi.

Nikanyakua spana juu ya benchi. Nikapiga goti, na gauni langu, kwenye sakafu ile yenye mafuta. Nyumba ya chujio iko ubavuni mwa injini, chini kidogo, imefungwa kwa nati moja kubwa. Nati ilikuwa ya moto. Iliniunguza vidole, nikaishika hivyo hivyo.

"Unafanya nini?" Meneja akaruka.

"Nafungua kifua cha marehemu."

Chujio likatoka. Halikuwa chujio tena. Lilikuwa donge. Uji mweusi, mzito, umeganda kwenye wavu wake kama ukoko wa sufuria. Ukadondoka sakafuni, tapu, na harufu ya debe la karakana ikajaa chumba.

Nikatoa chupa yangu ya mfano, ile niliyomwonyesha Meneja asubuhi. Mafuta ya rangi ya asali, unaona mwanga upande wa pili. Nikaishika mkono mmoja, chujio mkono mwingine.

"Hiki ndicho nilicholeta. Na hiki ndicho kilichoingia kukipokea."

Meneja akainama. Akanusa. Akachovya kidole kile kile kilichoungua mwanzo.

"Hii ni oili chafu," akasema polepole. "Nani ametia oili chafu humu?"

Sikutaja jina. Kama kuna siku nitahukumiwa, iandikwe kwamba sikutaja jina. Nilichofanya ni kulitoa jagi kwenye mkunjo wa gauni na kuliweka juu ya injini.

Jagi la buluu, mpini wa waya. Hakuna mwenye gari katika mji ule asiyelijua.

Kisha kutoka nyuma kabisa ya foleni, mtu mmoja akauliza, wala hakuwa na ubaya, alitaka kujua tu:

"Hilo si jagi la Fundi Mkuu?"

"Lile la shikamoo?" akauliza mwingine.

"Shikamoo gani?"

"Mimi niliwahi kumwona nalo! Alikuwa analiamkia lori langu!"

"Ndiyo maana lori lako lina heshima, likiona mlima linapiga magoti!"

Kicheko kikapasuka. Ni kile kile kicheko, msomaji, kile kilichokuwa changu. Kilinivua mimi kikamvaa yeye, na kilimkaa vizuri kuliko kilivyonikaa mimi, kwa kuwa yeye alikuwa na jina kubwa la kuchekwa. Dereva mmoja akanyoosha mikono kama anayemwamkia mkwe, akasema, "Shikamoo, injini!" na kundi zima likaitikia, "Marahaba!"

Baba alikuwa amefika mlangoni. Alisimama hapo na kofia iliyokunjwa, akiwaitikia kwa macho, mmoja mmoja, watu aliowatengenezea magari yao na ya baba zao. Masikio yake yalikuwa yamegeuka rangi. Nilitamani sakafu ipasuke, tudondoke wote wawili kisimani, tulale huko chini na mafuta yetu.

Akaja mpaka kwenye injini. Hakunitazama. Akaingiza mkono chini, akapapasa, akasikiliza kwa vidole.

"Beringi zimekufa," akamwambia Meneja. "Mwili mzima bado mzima. Nikianza sasa hivi, kesho jioni inazunguka."

"Basi anza, Mzee! Watu wana kiu."

"Nitaanza." Akapangusa mkono kwenye suruali, taratibu, kidole baada ya kidole. "Aliyenivua nguo mbele ya watu, anivishe mbele ya watu. Akisema samahani Baba, hapa hapa, kwa sauti, naanza. Asiposema, tafuteni fundi mwingine."

Hakuna fundi mwingine. Injini ile vipuri vyake haviuzwi tena popote. Baba huvichonga mwenyewe, kwa kumbukumbu ya mikono. Kila mtu pale alilijua hilo, na kicheko kikafa kama taa.

Meneja akanigeukia. Sasa yeye ndiye aliyekuwa anatoka jasho.

"Binti, nisikilize. Nimeona kwa macho yangu. Kosa si la mafuta yako. Baba yako akiifufua hii injini, natia mafuta yako. Naapa. Hilo pipa linarudi dukani sasa hivi. Sema neno moja tu."

Umeelewa, msomaji? Kila nilichokitaka kilikuwa kimewekwa mezani, moto, kimefunikwa vizuri. Neno moja na kisima kinasafishika. Neno moja na Baba anarudi kuwa Fundi Mkuu.

"Sema, binti!" watu wakaanza. "Sema tupate maji! Kumwomba baba radhi kunapunguza nini?"

Shangazi akanifinya mkono kwa nyuma, pale anapojua panauma. "Sema, mtoto. Ulimi hauna mfupa."

Nami nikafungua mdomo. Nilikuwa karibu kulisema. Macho ya Baba yalikuwa mekundu, na hilo peke yake lilitosha kunilaza chini. Lakini mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye jagi. Alilichukua kutoka juu ya injini, akalipangusa ndani kwa mkono wa shati lake, kwa upole, kama mtu anayempangusa mtoto pua.

Nikalimeza neno.

"Baba," nikasema, "nikikuomba radhi, injini ikapona, nani atamimina?"

"Mkubwa."

"Na jagi?"

Alilitazama jagi, akaitazama injini ile ambayo babu aliifunga, akawatazama watu waliomcheka.

"Jagi ni la karakana," akasema. "Litabaki la karakana. Sikulianzisha mimi, na wewe hutalimaliza."

Basi. Kumbe samahani yangu ndiyo ingekuwa shikamoo ya pili. Ningeisema, watu wangeshangilia, na kesho jioni, mimi nikiwa nimetumwa kubadili nguo, jagi lingeinama tena juu ya injini.

"Aibu ninayo, Baba," nikamwambia, na machozi yalikuwa yanashuka bila ruhusa. "Ninayo mpaka kwenye kucha. Nikikutazama naona aibu, nikijitazama naona aibu. Nitakupikia, nitakufulia, nitakushikia taa mpaka nizeeke. Lakini ulilotia humo ulilitia wewe, na nililolionyesha ni lile lililokuwemo."

"Mtoto!" Shangazi akafoka. "Watu wana ndoo tupu! Sema ulichoitiwa!"

Ndoo zote zilikuwa zimenielekea midomo. Baba alikuwa amelikumbatia jagi kifuani, anangoja, na nilijua kwamba angengoja pale mpaka tangi likauke.

"Siombi radhi," nikasema.

"Umesema nini?" Shangazi akauliza.

Nikasimama, na gauni langu lenye mafuta, nikasema tena kwa sauti ili hata wa nyuma ya foleni wasikie.

"Siombi."